Lifti ya marubani wa Marekani, na nani anayeilipia

Dereva wa daladala aliye mapumzikoni akipanda gari la mwenzake, konda hamdai nauli. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Ni heshima ya kazi, na aliyetoa lifti leo ndiye atakayeiomba kesho. Marubani wa Marekani wanayo desturi hiyohiyo, ila yao ina mikataba kati ya mashirika, ina kanuni za serikali, na ina ubishi ambao kila baada ya miaka kadhaa huibuka upya.

Ndani ya chumba cha marubani cha ndege kubwa ya abiria kuna kiti kimoja au viwili vya kukunja, nyuma ya rubani mkuu na msaidizi wake. Wenyewe wanakiita jampsiti. Humo hukaa wakaguzi wa FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, pamoja na wakufunzi wanaopima marubani. Kikiwa kitupu, rubani wa shirika hilo, au wa shirika jingine lenye makubaliano nalo, anaweza kukikalia bila kutoa senti. Anafika getini na kitambulisho, leseni na cheti cha afya, uhakiki unafanyika, kisha anaingia kumwomba rubani mkuu kwa adabu. Rubani mkuu akisema hapana, mgeni anarudi getini. Siti ya abiria ikiwepo hupewa hiyo; jampsiti ni ya siku ndege imejaa.

Anayekiomba kila wiki si mtalii, ni mtu anayewahi kazini. Rubani wa Marekani anaweza kuishi Florida na kituo chake cha kazi kikawa New Jersey, na mara nyingi hakupanga iwe hivyo. US Airways ilipoacha kuitumia Pittsburgh kama kitovu mwaka 2004, na Delta ilipofunga kitovu chake cha Memphis mwaka 2013, marubani hawakuweza kubeba nyumba, shule za watoto na kazi za wake au waume zao wakahamia kituo kipya. Kwenda shirika jingine lililo karibu na nyumbani nako ni kuanza upya: cheo, ratiba, likizo na ukubwa wa ndege hufuata miaka ya utumishi, na anayehama huingia mwisho wa foleni hata kama ana nywele nyeupe. Kwa hiyo anabaki alipo, anaomba lifti, na karibu na uwanja wa kazini anakodi na wenzake nyumba ya vitanda vya ghorofa.

Wanaotaka desturi hii ibanwe huanza na usalama wa chumba chenyewe, na hawazungumzi njozi. Tarehe 7 Aprili 1994, mhandisi wa ndege wa FedEx, shirika la mizigo, aliyekuwa anakabiliwa na kikao cha kufukuzwa kazi alipanda ndege ya DC-10 ya shirika lake kutoka Memphis kwa lifti ya kawaida. Ndani ya begi la gitaa alikuwa na nyundo na bunduki ya mkuki wa kuvulia samaki. Aliwapiga wafanyakazi watatu vichwani, akikusudia ndege ianguke na majeraha yao yaonekane ya ajali ili familia yake ilipwe bima. Walipambana naye huku damu ikiwatoka, wakairudisha ndege Memphis salama. Yeye alifungwa maisha, na hao watatu hawakurudi tena kurusha ndege za biashara.

Baada ya Septemba 11, 2001, marubani wa mashirika mengine hawakuruhusiwa tena kukaa chumbani humo. Mlango ulifunguliwa tena miaka michache baadaye kupitia mfumo wa kompyuta uitwao CASS, unaomwezesha wakala wa getini kuuliza papo hapo kama mtu huyu ni rubani kweli na kama bado yuko kazini. Aliyefukuzwa jana haonekani leo. Kwa kuzuia mlaghai mwenye kitambulisho cha kuazima, ni mfumo mzuri.

Lakini Oktoba 22, 2023, ndege ya Horizon Air iliyokuwa ikitoka Everett, jimbo la Washington, kwenda San Francisco, ilikuwa na rubani wa Alaska Airlines kwenye jampsiti. Utambulisho wake haukuwa na kasoro. Angani alisema hayuko sawa, akashika vishikio viwili vya kuzima moto wa injini, ambavyo vikivutwa hadi mwisho hukata mafuta. Wenzake walimzuia, akatolewa chumbani, ndege ikatua Portland na watu wake zaidi ya 80 wakiwa hai. Kwa mujibu wa hati za mashtaka, alikuwa hajalala kwa takriban saa 40, na siku mbili hivi kabla ya hapo alikuwa ametumia uyoga wa kulevya. Alikuwa pia akisumbuliwa na sonona kwa muda mrefu.

Tukio hilo liliwapa nguvu wanaosema kiti hicho kiwe cha wakaguzi tu. Nawaelewa. Mimi pia nikisafiri nataka wanaokaa mbele wawe wachache na wajulikane. Ila kuna jambo moja katika habari ile ambalo lilipita haraka mno: shirika lake lilisema alikuwa anaelekea San Francisco kujiunga na wafanyakazi wa ndege ya Boeing 737. Yaani mtu yuleyule ambaye tunadhani alikuwa hatari kwenye kiti cha kukunja alikuwa njiani kwenda kukalia kiti chenye usukani. Jampsiti ingekuwa imefutwa, angefika kwa tiketi ya abiria. CASS inajua wewe ni nani. Haina namna ya kujua umelala au hujalala, wala kama unaogopa kumwambia daktari ukweli kwa kuwa ukweli huo unaweza kukunyang'anya cheti cha afya. FAA yenyewe ililiona hilo. Desemba 2023 iliunda kamati ya afya ya akili ya marubani, na Aprili 2024 kamati ikatoa mapendekezo 24, mengi yakihusu kumwondolea rubani hofu ya kujieleza.

Upande wa pili una hoja ambayo abiria haioni. Macho ya tatu huokoa. Oktoba 28, 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ilitoka Denpasar kwenda Jakarta, pua yake ikisukumwa chini tena na tena. Nyuma ya marubani alikaa rubani wa Batik Air aliyekuwa anasafiri tu, na vyombo vya habari viliripoti Machi 2019 kwamba ndiye aliyetambua tatizo na kuwaelekeza kukata umeme wa mota inayorekebisha mkia. Walitua salama. Kesho yake ndege ileile, ikiwa na marubani wengine, iliangukia baharini na kuua watu 189. Hiyo ni Indonesia, si Marekani, lakini kazi ya macho ya tatu ni ileile popote.

Kwa hiyo kama swali ni mgeni akae chumbani au asikae, mimi nasema akae. Uhakiki ubaki, na neno la mwisho libaki la rubani mkuu, ingawa mamlaka hayo nayo yamewahi kutumika vibaya: walioendelea kurusha ndege wenzao walipogoma katika mashirika ya Continental mwaka 1983 au United mwaka 1985 waliendelea kunyimwa lifti na wenzao hao miaka mingi baadaye. Hasira za waliogoma nazifahamu, lakini kukataa mtu kwa ajili ya mgomo uliokwisha si usalama.

Swali zito liko kwingine, nalo lilijitokeza Februari 12, 2009. Ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo saa 4 na dakika 17 usiku. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa ametoka Seattle jioni ya siku iliyotangulia kwa lifti ya ndege za mizigo za FedEx, akabadilisha ndege Memphis usiku wa manane, akafika Newark alfajiri. Alikuwa na mafua. Kinasa sauti kilimrekodi akipiga chafya. Rubani mkuu, mwenyeji wa eneo la Tampa, alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani, jambo ambalo shirika lilikataza, na saa 9 na dakika 10 usiku alikuwa macho kwenye kompyuta. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, waligundua kwamba kati ya marubani 137 wa Colgan waliokuwa na kituo Newark, 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kazini, na 49 kati yao walikaa zaidi ya maili 400 kutoka hapo.

Chanzo cha ajali kilitajwa kuwa rubani mkuu kuvuta usukani wakati ndege ilipoonya kwamba inapoteza mwendo, ilhali alipaswa kushusha pua. Je, uchovu ulichangia? Bodi yenyewe iligawanyika. Ilikubali kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, lakini haikuuweka miongoni mwa sababu; mwenyekiti wake, Deborah Hersman, alitaka utajwe, akashindwa kwa kura. Sishangai. Uchovu hauachi alama kwenye mabaki.

Bunge la Marekani liliagiza mwaka 2010 suala la kusafiri kwenda kazini lichunguzwe, na ripoti ya wanasayansi ya 2011 ikaona ushahidi hautoshi kuweka kikomo cha umbali. Ilishauri tu kwamba rubani alale angalau saa 6 kabla ya zamu, na apange siku yake asiwe macho zaidi ya saa 16 hivi hadi zamu iishe. Kanuni mpya za mapumziko zilizoanza Januari 2014 zinampa rubani wa ndege za abiria saa 10 za mapumziko zenye nafasi ya kulala saa 8. Saa za kuomba lifti kutoka Seattle hadi Newark hazihesabiwi kazini. Ni maisha yake binafsi, na kabla ya kila safari anathibitisha mwenyewe kwamba yuko fiti.

Marubani wengi na vyama vyao wanapenda iwe hivyo, kwa sababu kikomo cha umbali kingewalazimisha kuhama au kuacha kazi. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Mashirika nayo yanaipenda, kwa sababu nyingine kabisa: lifti ya bure inayaruhusu kufunga na kufungua vituo yanavyotaka huku gharama ya mwili ikibebwa na mfanyakazi. Hapo ndipo ninapoachana nayo. Kalitta Air, shirika la mizigo, huwanunulia marubani wake tiketi kutoka uwanja ulio karibu na kwao hadi ndege ilipo. Shirika la abiria linaweza kufanya hivyo, au angalau kumlipia hoteli anayefika usiku wa kuamkia zamu.

Kiti alichopewa rubani msaidizi wa Colgan usiku ule kilikuwa halali, na marubani wa FedEx walimtendea wema kama desturi inavyowataka. Alichokosa ni kitanda Newark, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumpa.