Mwanafunzi anayenyamaza: aitwe au aachwe?

Katika darasa la sita la shule moja ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwalimu aliuliza kwa nini nguo hukauka upesi zikianikwa penye upepo. Ilipanda mikono sita au saba, ileile ya kila siku. Kwenye benchi la tatu, ambalo watoto wanne walibanana, binti mmoja aliinama akamnong'oneza jirani yake jibu kwa Kiswahili. Jirani akasimama, akalisema kwa Kifaransa cha kukwamakwama, akapigiwa makofi. Binti hakuinua uso. Nilikuwa nimeketi nyuma yao kama mgeni, na hakuna aliyeuliza jibu lile limetoka kwa nani.

Wako walimu wanaosema kwamba mtoto wa namna hiyo lazima aitwe kwa jina, apende asipende. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kusema hujifunzwa kwa kusema, na mtihani wa Taifa unaofunga masomo ya sekondari una sehemu ya kujibu Kifaransa kwa mdomo, ambapo jirani wa kunong'onezwa hayupo. Isitoshe, tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na asiyeinua mkono anaweza kumaliza mwaka mzima bila sauti yake kusikika hata mara moja.

Wengine hujibu kwamba kuona haya ni adabu. Nyumbani mtoto anayewahi kusema mbele ya wakubwa huitwa mjuaji, kisha shuleni tunamlaumu kwa kutii alichofundishwa. Wanaongeza, na hapa wanasema kweli, kwamba kumsimamisha ghafla mtoto aliyetoka Walungu au Kalehe, ambaye Kifaransa chake bado kina lafudhi ya Kimashi au Kihavu, ni kumtoa kwa kicheko cha darasa zima. Akichekwa leo, kesho atajificha zaidi. Hata hivyo naiogopa hoja hii inapotumiwa na mwalimu aliyechoka, kwa kuwa mtoto mkimya hamsumbui mtu, na kuheshimu haya yake huweza kuwa jina zuri la kumsahau.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinamhukumu mtoto kabla ya kujua anachoogopa. Yule binti hakukosa ujasiri wala jibu. Alikosa Kifaransa cha kulibeba, na pengine muda wa kukitafuta. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu, wakishauliza swali, kwa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojitokeza huongezeka. Sekunde hizo hazihitaji hata chaki. Mwaka 1981 Frank Lyman, wa Chuo Kikuu cha Maryland, alieleza njia ya hatua tatu: kila mmoja afikiri peke yake, azungumze na jirani, ndipo darasa zima lisikie. Binti wa Kadutu alikwisha pitia hatua mbili bila kuambiwa na mtu.

Njia hiyo ina gharama zake. Watoto hamsini wakinong'ona pamoja, sauti hupanda kama ya soko, na mvua ikipiga mabati mwalimu hasikiki kabisa. Jirani wa chumba cha pili hulalamika, na inspekta anataka programu iishe. Wazazi nao husema kwamba Kiswahili wanacho nyumbani, mtoto amekuja kutafuta Kifaransa. Nawaelewa, lakini wazo ambalo mtoto amekwisha lielewa kwa Kiswahili linaweza kutafsiriwa, ilhali sentensi ya Kifaransa aliyoikariri bila kuielewa humponyoka swali likigeuzwa kidogo tu.

Kwa hiyo nakubali aitwe, ila aitwe baada ya kupewa nafasi ya kuandika au kumwambia jirani, na ajulishwe mapema kwamba zamu yake inakuja. Kutoa pointi kwa wanaoinua mikono sikubaliani nako, kwa sababu huwalipa waliokwisha kuwa na ujasiri. Kuhusu kicheko sina mizani ya kupima pande mbili: mwalimu akitabasamu tu darasa linapomcheka aliyekosea neno, wanyamavu wote wamekwisha pata jibu lao.