Heri rangi tatu zilizopimwa kuliko tano za kukisia

Picha ya hadubini ya mnyama hai ambaye seli zake zimewekewa rangi tano zinazong'aa hupendwa kuliko ya mwenye tatu. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba rangi ya nne isiongezwe mpaka zile tatu zimepimwa moja moja. Mfano wangu ni vifaranga wa samaki pundamilia, Danio rerio, kwa kuwa miili yao hupitisha mwanga na maabara nyingi huanzia kwao.

Tatizo kubwa ni rangi kuvuja, yaani mwanga wa rangi moja kuingia kwenye dirisha la nyingine (dirisha ni sehemu ya mwanga inayopokelewa kwa rangi hiyo). GFP, protini inayong'aa kijani, huwashwa na leza ya nanomita 488. Kilele cha mng'ao wake ni 509, lakini mkia wa mng'ao huo hufika hata kupita 600. Ukiipa jirani kama tdTomato, protini inayong'aa nyekundu yenye kilele cha 581, unajitafutia taabu: kijani kinamwagika kwenye dirisha la nyekundu, na leza ya 488 nayo inaiwasha tdTomato kiasi. Wengi huichagua kwa sababu inang'aa sana. Mimi ningechukua mCherry, nyekundu nyingine, ingawa ni hafifu zaidi. Kilele chake ni 610, na leza ya 561 karibu haiigusi GFP. Leza zipokezane: 488 ipige na kuzimwa, ndipo 561 iwake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kifaranga mwenye GFP pekee, umpige picha kwa madirisha yote mawili, kisha toa thamani ya giza la nyuma. Tuseme kijani kinasoma 2000 na nyekundu 60. Uvujaji ni asilimia 3, na mtu ataona ni kidogo. Sasa mpige picha kifaranga mwenye rangi zote mbili, mahali ambapo kijani ni 2000 na nyekundu inasoma 120. Nusu ya hiyo nyekundu ni GFP! Ukiandika kwamba protini mbili zinakaa pamoja hapo, umeandika uvujaji. Hesabu hii pia huharibika pikseli zikijaa, yaani zikigota 4095 kwenye picha ya biti 12, kwa hiyo punguza leza kabla hazijafika huko.

Kwa sababu hiyo kila jaribio la rangi mbili lihitaji vifaranga wanne: asiye na rangi, mwenye kijani tu, mwenye nyekundu tu, na mwenye zote. Nguvu ya leza, vichujio na ukuzaji wa ishara visibadilishwe kati yao. Yule asiye na rangi ndiye hurukwa mara nyingi, na ndiye anayeonyesha kwamba kiini cha yai na chembe za rangi ya ngozi hung'aa zenyewe. (Kwa panya, mtuhumiwa mwingine ni chakula: klorofili ya alfalfa hung'aa nyekundu tumboni, kwa hiyo wapewe chakula kisicho nayo siku kadhaa kabla.)

Kuna mtego mwingine. GFP hufifia kwenye asidi, mCherry haitikisiki. Nukta nyekundu zisizo na kijani ndani ya seli huenda ni lisosomu tu, vifuko vya seli vyenye asidi.

Rangi ya nne ikilazimu, naiepuka bluu. Leza ya 405 huumiza seli na kuwasha mng'ao wa asili kuliko zote. Nyekundu ya mbali ni salama zaidi, ila iRFP713, protini ya rangi hiyo, haing'ai bila molekuli ya biliverdini ya kutosha ndani ya seli. Njia mbadala ni HaloTag, protini inayoshika rangi ya kemikali, pamoja na rangi ya JF646. Muhimu ni kuosha vizuri, maana rangi isiyoshikwa hubaki mwilini.

Kuhusu maandalizi, kemikali ya PTU ya asilimia 0.003 huzuia weusi wa ngozi ikianza takriban saa 24 baada ya utungisho, lakini huvuruga tezi ya thiroidi. Kama unaye samaki wa aina ya casper, asiye na weusi huo, mtumie. Trikaini, dawa ya ganzi, iwe miligramu 160 kwa lita, na pH irudishwe 7 kwa kuwa yenyewe ni asidi. Agarosi (jeli ya kumshikilia kifaranga) ya asilimia 1, ile inayoyeyuka kwa joto dogo, ipoe hadi nyuzi 37 hivi kabla ya kumweka kifaranga. Kwa picha za saa nyingi, kata agarosi inayobana mkia ili apate kukua.

Angalia damu inavyotembea mkiani kabla na baada ya kupiga picha. Na mwache ndugu yake mmoja kwenye agarosi hiyohiyo bila leza: akikua haraka kuliko yule unayempiga picha, leza imezidi, au umechukua picha nyingi mno kwa saa.