Mlima Ulio Chini ya Nairobi

Sisi watu wa Nairobi tuna kiburi cha kimo. Mtu analala mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, halafu anasikia Orisson, kituo cha mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela, Uhispania, kwenye milima ya Pyrenees, kiko mita 800 hivi. Anacheka. "Huo ni mlima ama ni bampu?"

Haya, aende. Lakini asingoje likizo ya Krismasi: njia ya juu inayopita Orisson hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi kwa sababu ya theluji na ukungu.

Safari huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kwenye mita kama 170. Kufika Orisson ni kilomita 8 hivi, zote za kupanda. Magoti hayajali umezaliwa mtaa wa Umoja, Nairobi.

Kitanda cha Orisson nacho hukatiwa nafasi mapema, tena miezi kabla. Ukitokea jioni mikono mitupu hakuna makanga wa matatu wa kukwambia "songa songa, nafasi iko." Roncesvalles, kituo kinachofuata upande wa Uhispania, iko kilomita 17 mbele, duka hakuna njiani. Jaza maji lita mbili hapo hapo, nunua na mkate.

Bafu ni kwa tokeni: dakika tano za maji moto. Jipake sabuni kabla hujaiingiza. Hii si tokeni ya stima, ukikatikiwa na povu kichwani hakuna wa kukukopesha. Na kwenye chakula cha jioni, kila mtu anasimama kujitambulisha na kueleza kwa nini anatembea. Mkenya ataanza na "itifaki imezingatiwa," supu ya watu ipoe.

Mzigo ndio aibu kubwa. Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako: kilo 70, begi kilo 7. Mwenzetu kabeba unga paketi mbili, sufuria, mwiko na jinzi tatu. Jinzi ikinyeshewa mlimani inakauka lini? Bora suruali nyepesi mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba.

Viatu vya mitumba vya Gikomba sivikatai. Lakini buti iliyokaa stoo miaka mingi, hasa ya soli laini ya povu, gundi na soli huoza polepole kwa unyevu hata kama haijavaliwa. Nje inang'aa; mlimani soli inabaki nyuma kama mkia wa mjusi. Ikunje kwa nguvu kabla hujalipa. Ikitoa ufa au unga, mrudishie mwenyewe. Chukua inayozidi saizi yako kidogo, maana miguu huvimba. Ukihisi joto kisigino, simama papo hapo, vua, kausha, badilisha soksi. Lengelenge halingoji ufike.

Kilele cha njia hii ya kwenda Roncesvalles, Lepoeder, ni mita kama 1,430. Bado chini ya stendi ya Kencom, katikati ya Nairobi! Ila kutoka pale unashuka karibu mita 500 kwa kilomita nne tu, ndani ya msitu, majani yaliyolowa yanateleza, vidole vinagonga mbele ya kiatu. Kaza kamba kwenye kifundo, au ushikilie njia nyingine ya kushukia, ya Ibañeta. Inazunguka kidogo, lakini kucha utafika nazo.