Meza ya Formica haipakwi rangi jamani

Jana usiku nimelala zangu naperuzi fanicha za mtumba hapa Ohio, nikakutana na meza ya jikoni ya miaka ya 1950, miguu ya bomba za kromu, ukingo wa alumini wenye mistari, nikafurahi, kuskroli picha ya pili naona juu imepakwa rangi nyeupe. Kwa brashi! Halafu eti "vintage", na bei imepanda. Yani kuiharibu ndo kumeiongezea thamani.

Hivi huyu mtu anajua alichofunika? Formica sio ubao uliochoka useme unaustiri. Ni karatasi zimelowekwa kwenye resini, yani gundi ya plastiki, zikapangwa tabaka kwa tabaka, zikabanwa kwa joto kali mpaka zikawa kitu kimoja kigumu, na ile ya juu yenye maua ina melamini, plastiki ngumu. Umwage mchuzi, umwage chai, unapitisha kitambaa basi. Imetengenezwa makusudi ili isihitaji kupakwa kitu, na ndo maana rangi haiishiki, ukitaka ishike mara nyingi lazima upige msasa, na ukipiga msasa ushaua maua yenyewe. Na maua yale sio mchezo, mwaka 1950 kampuni ya Formica ilimpa kazi Brooks Stevens, dizaina wa Milwaukee, akachora Skylark, vile vidude vilivyopinda kama bumerangi, vikaenea majikoni Marekani nzima. Kuna na maua ya mfano wa barafu iliyopasuka, nyekundu, njano, na viti vyake vya vinyl, ngozi ya plastiki, rangi hiyohiyo. Mtu anafunika yote hayo ili jiko lake lifanane na majiko elfu ya Instagram. Hongera.

Haya, nakubali, vile viti wakati wa joto vinaganda mapajani, na kromu inaota kutu. Ila za kuiga zinazouzwa mpya leo bomba nyepesi, ukiegemea tu kiti kinalia.

Na mtu asinianzie habari za "enzi nzuri". Meza hizi zilijaa kwenye vinyumba vya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jiko ndo hapohapo pa kulia, kama kule Levittown, New York, ambako mkataba uliandikwa kabisa kwamba asiye mzungu haruhusiwi kuishi, labda awe mfanyakazi wa ndani. Mimi naipenda meza. Enzi yao wabaki nayo.

Kama unayo, vidoti vya kutu kwenye kromu chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye maji, sugua taratibu. Kiti kikichanika mpelekee fundi wa siti za magari, vinyl anayo. Na kabla hujalipa ulizia kile kipande cha katikati cha kurefushia meza, wauzaji wengi hukisahau makusudi.