Kitasa cha Ngamiani na Mzunguko wa Wezi

Kwa kuwa mwenzangu aliyenishikia tochi jana nilipokuwa nikifungua kitasa cha mlango amekwisha kurusha sauti yake ya kunicheka katika makundi yote ya mafundi wa Tanga, na kwa kuwa tangu alfajiri ninapokea salamu zenye vicheko kutoka kwa watu ambao hawakunijulia hali hata siku ya Idi, nimeona ni heri niyaeleze mambo yalivyokuwa. Katika sauti ile kuna uongo wa namna mbili. Kwanza, sikusinzia kazini. Pili, sikukifunga kile kitasa kwa makusudi ili nidai malipo mara mbili. Mengine yote, kwa masikitiko yangu, ni kweli.

Nyumba ni ile ya Ngamiani, hapa hapa Tanga, iliyokuwa na harusi. Waliohudhuria wanaijua na wasiohudhuria wameshasimuliwa. Bwana harusi alitakiwa awe msikitini kwa sala ya alasiri, ili ndoa ifungwe mara baada ya sala. Kanzu yake, joho, kilemba na viatu vilikuwa vimewekwa katika chumba cha mwisho, mwisho kabisa wa ukumbi, ili watoto wasivichezee, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa mfukoni mwa ami yake, ambaye alikuwa ndani ya basi la kwenda Korogwe kumfuata mgeni. Ami alipopigiwa simu alijibu kwa furaha kwamba watu wasiwe na wasiwasi wowote, ufunguo uko salama, ameushika mkononi.

Nilipofika nilimkuta bwana harusi amevaa singlendi na kikoi, ananukia udi nyumba nzima, hana mahali pa kwenda. Nilitoa keekee yangu ya umeme kwenye mfuko. Bibi yake bwana harusi, ambaye wote pale wanamwita Bi Mkubwa, aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mlango huu wa mvule aliuleta marehemu mume wangu. Ukiutoboa, mwanangu, na mimi nitakutoboa wewe."

Niliirudisha keekee mfukoni kwa heshima zote.

Kwa wale ambao si wa kazi hii, naomba mnivumilie kidogo, maana bila maelezo haya aibu yangu haitawakolea. Ndani ya kitasa cha leva mna vibao vyembamba vya chuma vilivyolaliana, ndizo leva zenyewe, kila kimoja na springi yake. Kila kibao kina mwanya, na ulimi wa kitasa una kijiti kinachotakiwa kupita katika mianya hiyo yote kwa pamoja. Kibao kikinyanyuliwa pungufu, ulimi hausogei. Kikinyanyuliwa kupita kiasi, vilevile hausogei. Hila hiyo ya kuzuia pande zote mbili Mwingereza Robert Barron aliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1778, na tangu hapo mafundi tumekuwa tukimkumbuka katika dua zetu, si lazima kwa kheri. Vitasa vingi vya vyumba hapa kwetu vina leva mbili au tatu, ambazo mtu huzifungua huku akibishana habari za Simba na Yanga. Hiki, nilipozihesabu leva zake kwa ncha ya waya, kilikuwa na tano.

Kazi yenyewe hufanywa kwa waya mbili zilizopindwa: moja husukuma ulimi uelekee kufunguka, na nyingine huingia kunyanyua leva moja baada ya moja mpaka kila moja ishike mahali pake. Mkono ukilegea hata kidogo, zote huanguka na unaanza upya. Zangu zilianguka mara nyingi. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya sakafu ya saruji, masufuria ya pilau yakipita nyuma ya kisogo changu, mpaka kiuno kikakaza na nikashindwa kuinuka. (Wewe uliyeandika kwamba umri umefika, nimekuona. Tutaongea.) Hapo ndipo lilipoletwa benchi kwa huruma ya kina mama, likawekwa kwa urefu wa ukumbi, nami nikalazwa chali, kichwa kikielekea mlangoni na miguu kwa wageni, mikono nimeinyoosha juu kwenye tundu la ufunguo.

"Fundi umelala kama anayesubiri kukafiniwa," alisema Bi Mkubwa. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa kuwa bado sikujua kilicho mbele.

Sasa naomba kila mmoja wenu aliyenicheka alale chali, kichwa kikielekea mlangoni, kisha aoneshe kwa kidole upande wa kulia wa mlango huo. Ataonesha upande ambao, angesimama, angeuita kushoto. Jambo hili ni dogo sana, na mtoto wa chekechea angeweza kulifikiri. Mimi sikulifikiri. Nilisukuma ulimi kwenda kulia kama nilivyokuwa nikiusukuma nilipopiga magoti, na nikashangaa kwa furaha kuona kitasa kilichokuwa kikinisumbua kimeanza kunitii.

Leva ya kwanza ilishika. Ya pili ikashika. Ya tatu ilinidanganya, ikajifanya imeshika kumbe imekaa kwenye pengo la uongo linalochongwa kwa ajili ya watu kama mimi, nikaibembeleza, ikapanda. Mwenzangu akawanyamazisha watu kwa kidole mdomoni, na ukumbi mzima ukatulia hata nikasikia mwiko ukikwangua sufuria uani. Ya nne ilishika. Jasho liliniingia jicho la kushoto na sikuthubutu kulipangusa. Ya tano ilipanda taratibu, taratibu, kisha nikausikia ulimi ukiteleza kwa mlio mzito, safi, wenye kuridhisha, mlio ambao fundi yeyote huutambua hata akiwa usingizini.

Nilipaswa kunyamaza na kujaribu mlango. Badala yake nilitamka kwa sauti, nikiwa bado chali: "Alhamdulillahi, bwana harusi, karibu chumbani kwako."

Vigelegele vilipasuka. Mtu alinishika mkono akaniinua, mwingine akanifuta vumbi mgongoni. Mwenzangu, ambaye leo anajifanya hakuwa upande wangu, alikuwa akipokea pongezi kwa mikono miwili. Bwana harusi akakaribia mlango, akasema bismillahi, akashika mkono wa kitasa, akausukuma kwa bega kwa nguvu za mtu anayesubiriwa na kadhi.

Mlango haukutikisika. Bega ndilo lililorudi.

Alijaribu tena, polepole, kana kwamba huenda mara ya kwanza hakuutendea mlango adabu. Vigelegele vikaanza kufa kimoja kimoja kuanzia mstari wa mbele, isipokuwa vya shangazi mmoja aliyekuwa uani na ambaye hakuona kitu. Huyo aliendelea peke yake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ujana wangu wote, mpaka mtoto alipotumwa kwenda kumwambia anyamaze.

Bi Mkubwa akauliza kwa upole, "Fundi, umeuzungusha upande gani?"

Badala ya kujibu nilimuuliza Bi Mkubwa, je, ami alikuwa amefunga mizunguko mingapi?

"Mmoja tu," alisema. "Ule wa pili tunaufunga tukisafiri, kwa ajili ya wezi."

Kitasa kilikuwa cha mizunguko miwili. Ami aliufunga mlango kwa mmoja, nami, kwa leva tano, jasho na hotuba, nikaukamilishia wa pili.

Nina utetezi, na nitautoa hata kama hamtausikiliza. Mwaka 1851, mjini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua mbele ya mashahidi kitasa cha kampuni ya Chubb kilichosifika kuwa hakichokonoleki. Alitumia dakika 25 kukifungua, kisha akakifunga tena kwa vyombo vilevile kwa dakika 7, na kufunga kule kukahesabiwa kuwa ni sehemu ya ustadi wake. Nilijaribu kumweleza Bi Mkubwa habari hii. Aliniuliza kama huyo bwana naye alikuwa amelala kwenye benchi.

Yaliyofuata hayana urefu. Nilikataa benchi, nikarudi kwenye magoti yangu, nikaurudisha ulimi mzunguko mmoja na kisha wa pili, na hakuna aliyepiga kigelegele hata mlango ulipokuwa wazi kabisa na joho linaonekana. Bwana harusi alivaa akikimbia na akaiwahi sala ya jamaa ikiwa rakaa ya mwisho. Ndoa ikafungwa. Ami alirudi wakati wa magharibi na ufunguo wake, akiwa mtu mwenye furaha kuliko sote.

Bi Mkubwa alinilipa kamili, pesa za kufungua. Kisha akaniuliza ni kiasi gani ninachotoza kwa kufunga, kwa sababu kazi hiyo yeye hakuiagiza na asingependa nimdai baadaye. Asubuhi hii amenipigia tena: anataka achongewe ufunguo wa akiba ubaki nyumbani. Nimekubali, maana hiyo ni kazi ya jiliwa na tupa, naifanya nikiwa nimesimama. Ameniambia benchi ameliacha palepale ukumbini kwa heshima yangu.