Begi Liliondoka na Suruali Yangu

Kwa kuwa binamu yangu amenitangulia, na ujumbe wake wa sauti wa dakika nane kuhusu aibu yangu umekwisha kusikilizwa na ukoo mzima pamoja na watu ambao hata si wa ukoo, sina budi kueleza mwenyewe yaliyotokea katika maegesho ya ile hoteli ya nje ya Florence, Italia, tulipokuwa kwenye safari ya basi la watalii. Naanza na sahihisho moja lililo muhimu kuliko yote: sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa joho la taulo, tena lenye mkanda, na kama mkanda huo ulinifanyia hiana baadaye, hilo nitalifikia kwa wakati wake. Wala polisi hawakuja. Aliyekuja ni meneja wa hoteli, na alikuja kwa miguu yake mwenyewe baada ya kusikia vicheko.

Ninyi mnaonifuata hapa mnakumbuka, na wachache wenu mmenikumbusha kwa raha isiyofichika, kwamba ni mimi niliyeandika maelezo marefu ya kuthibitisha kuwa safari ya basi yenye kiongozi ndiyo likizo inayomfaa mtu mwenye akili timamu. Binamu alikuwa hataki kabisa. Alisema haoni sababu ya kulipa ili aswagwe kama mbuzi. Nikamjibu kwa historia: tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, wakahudhurie mkutano wa kupinga ulevi, kwa shilingi moja kwenda na kurudi, na tangu siku hiyo binadamu wamekuwa wakiswagwa huku wakipiga picha na kushukuru. Nikamfanyia hesabu ya ada ya ziada anayotozwa mtu anayelala peke yake chumbani, nikamwonyesha kwamba tukilala chumba kimoja ada hiyo inatupita kando. Nikamfundisha hata kusoma kijitabu cha safari: mahali palipoandikwa kwamba kanisa fulani “mtalitembelea”, mtaingia ndani, palipoandikwa “mtalitazama”, basi litapunguza mwendo na wa upande wa kulia wataliona vizuri. Hoteli iliyo “eneo la jiji” huenda ikawa kando ya barabara kuu, ambako jirani yako ni ghala.

Hayo yote hayakumtikisa. Kilichomshinda ni begi. Nilimwambia, na maneno haya amekuwa akinirudishia kila asubuhi tangu tuliporudi: “Ndugu yangu, begi hutaligusa. Unaliweka nje ya mlango wa chumba, na utakapoliona tena litakuwa limesimama mbele ya chumba chako katika mji unaofuata, kama vile lilikwenda lenyewe.” Akalipa siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja sikukihesabu, nacho ni hoteli. Nilihesabu miji kama mtoto anavyohesabu peremende, lakini ratiba ile ilikuwa ya siku 9, yaani usiku 8, katika hoteli 7. Tafsiri yake ni kwamba karibu kila asubuhi mtu anafunga begi, na mtu akifunga begi namna hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, mikono huanza kufanya kazi bila kuomba ruhusa ya kichwa.

Kiongozi wetu, mama mmoja mpole ambaye sauti yake haikupanda wala kushuka safari nzima, alitufundisha tangu siku ya kwanza kanuni ya 6-7-8, ambayo kwa saa zetu ni kumi na mbili kuamshwa, saa moja mabegi nje ya mlango, saa mbili basi kuondoka. Hakuwa mkali bila sababu. Dereva wa basi la watalii katika nchi za Umoja wa Ulaya haruhusiwi kwa kawaida kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, na akiendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Kifaa kilichomo ndani ya basi kinaandika yote hayo, na basi lenyewe limefungwa kidhibiti kisichoruhusu lizidi kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo dakika mtakazopoteza asubuhi hamtazifidia kwa kukimbia. Zitakatwa kwenye muda wenu wa kuona mambo, na wenzenu 43 watajua ni nani aliyezikata. Kanuni ya pili ilihusu choo cha basi, kwamba kipo kwa dharura tu, na ufunguo wake anao yeye.

Sasa asubuhi yenyewe. Nilichelewa kuamka. Binamu alikwisha kuvaa na alikuwa akichana nywele kwa utulivu wa mtu asiye na deni. Saa moja ilikuwa imebakiza dakika tano, na katika akili yangu lilikuwapo jambo moja tu, begi litoke nje. Nikafunga. Nikakunja kila nilichokiona, nikabana zipu, nikalisukuma begi koridoni nikiwa nimejifunga taulo, nikarudi ndani na kuingia bafuni nikiimba. Naomba mlisikie hilo la kuimba, kwa maana binamu hakulitaja, nalo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikiwa katikati ya povu, taa zikazimika. Binamu alikuwa ameshuka kula, akaondoka na kadi ya mlango, ile ile ambayo lazima iwe imechomekwa ukutani ndipo umeme wa chumba uwake. Nikamaliza kuoga gizani, nikatoka nikipapasa kuelekea kwenye kiti ambacho usiku nilikuwa nimetandaza nguo za kuvaa: suruali ya kijivu, shati, nguo ya ndani, soksi. Chini ya kiti nilikuwa nimeweka viatu. Mkono wangu ukatangulia, ukashuka polepole pale suruali ilipopaswa kuwa, ukagusa mbao.

Nikapapasa tena, safari hii kwa adabu zaidi, kana kwamba kiti kilikuwa kinanitania na kingeacha kama ningekiomba vizuri. Mbao. Nikasogeza pazia, mwanga ukaingia, na kiti kikasimama pale kikiwa kitupu, juu na chini, kama kilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo nilipoiona mikono yangu mwenyewe, kwa kumbukumbu iliyo wazi kupita picha, ikiikunja ile suruali mara tatu, ikiisawazisha, ikiipigapiga kidogo kwa kiganja ili isijikunje, na kuilaza ndani ya begi. Nilikuwa nimeifunga vizuri sana. Sijawahi kukunja suruali vizuri namna ile.

Nikafungua mlango. Begi halikuwapo. Juu ya zulia la korido ilibaki michirizi miwili ya magurudumu iliyokwenda moja kwa moja hadi kwenye lifti. Mtauliza kwa nini sikumpigia simu binamu. Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali. Ile ya chumbani niliipiga mapokezi, ikalia na kulia bila kupokelewa, kwa sababu mpokezi, kama nilivyokuja kujua, alikuwa nje anasaidia kuhesabu mabegi. Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro dakika kumi na mbili.

Kwenye kabati palikuwa na joho la taulo, jeupe, limetariziwa jina la hoteli mgongoni kwa herufi za dhahabu, nalo lilikatwa kwa kipimo cha mtu ambaye si mimi. Liliishia juu ya magoti. Palikuwa pia na ndara za karatasi, za zile ambazo ukipiga hatua moja hubaki nyuma kukungoja. Lifti ilikuwa na vioo pande tatu, kwa hiyo nilishuka ghorofa nne nikiwa na watu wengine watatu waliovaa kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushauri. Milango ikafunguka. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa wanafunzi wa safari nyingine, wamekaa juu ya mabegi yao, kila mmoja na simu mkononi. Nikasema “Buongiorno” kwa sauti ya mtu anayekwenda kufungua kikao, nikapita katikati yao, na ndara moja ikabaki.

Nje, basi lilikuwa limewashwa. Wenzangu wote walikuwa wameketi, na kiongozi alisimama mlangoni akihesabu. Aliponiona hakushtuka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu usio na ndara, akasema kwa sauti ile ile, “Arobaini na nne,” akaandika.

Nikamweleza kwamba suruali yangu imo ndani ya buti la basi. Akamweleza dereva. Dereva akatazama saa yake, akatazama buti, akanitazama mimi, kisha akatazama mbinguni. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Pisa, na mnara hupandwa kwa tiketi zilizochapwa saa kamili ya kuingia. Mnara hausubiri mtu mwenye joho. Chumba chetu kilikuwa cha kwanza karibu na lifti, kwa hiyo begi langu lilichukuliwa la kwanza, likapakiwa la kwanza, na kwa sababu hiyo lilikuwa ndani kabisa, limeegemea ukuta wa mwisho, nyuma ya mabegi mengine yote.

Mabegi yakaanza kutoka. Waliokuwa ndani ya basi wakashuka ili waone vizuri, wakahesabu kwa pamoja na kwa lugha zao mbalimbali, na kila mmoja alipoliona lake alishangilia. Wanafunzi nao wakatoka. Begi langu ni jeusi, na nawaomba radhi wote niliowashauri mfunge utepe wa rangi, kwa maana wa kwangu niliuacha nyumbani. Kwa kuwa dereva hakuweza kulitambua, ilinibidi niingie mwenyewe, kwa magoti, kichwa kikiwa ndani ya buti na sehemu iliyobaki ikiwa nje kwa wananchi. Nikaliona. Nikanyoosha mkono. Wakati huo huo dereva, kwa nia njema kabisa, akalivuta begi la pembeni yangu, la ishirini na saba, na mpini wake ulikuwa umenasa mkanda wa joho langu.

Mkanda ukaondoka taratibu. Niliusikia ukipita kiunoni, kitanzi cha kwanza, kitanzi cha pili, kama nyoka anayetoka bila haraka. Nikajikuta na uamuzi wa kufanya: nikishika begi, joho linafunguka, nikishika joho, begi linabaki. Nilijaribu kushika vyote viwili. Kwa muda wa sekunde nne hivi (binamu anadai ni nusu dakika, na nani wa kumkatalia) upepo uliamua mambo kwa niaba yangu, nikasikia mtoto mmoja akiuliza swali kwa Kiitaliano na mwalimu wake akikataa kulijibu. Ndipo meneja alipofika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Begi likatoka, kiongozi akanikabidhi ufunguo wa choo cha basi na kusema, “Hii sasa ndiyo dharura,” nikavaa suruali tukiwa kwenye mzunguko wa barabara, nikatoka nikiwa nimeivaa nyuma mbele, watu wakapiga makofi, na Pisa tukafika zikiwa zimebaki dakika sita. Mnara wenyewe, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulifungwa mwaka 1990 kwa sababu ya kuinama, ukafunguliwa Desemba 2001 ukiwa bado umeinama kwa karibu digrii nne, na watu wanapanga foleni kuuona. Nilijisikia kama niliyekutana na ndugu.

Mnaoniuliza kama nafuta ule ushauri wangu, sifuti, ila nauongezea mstari: kabla ya kulipa, achana na idadi ya miji na uhesabu ni mara ngapi utalala usiku mmoja tu mahali pamoja. Binamu amenitumia ratiba nyingine jana, siku 10, hoteli 3, na chini yake ameandika kwamba safari hii suruali italala kwenye kitanda chake. Sijamjibu. Lile joho nililisahau chooni mwa basi, hoteli ikapiga simu, nikalilipia. Linaning’inia nyuma ya mlango ninapoandika haya, bila mkanda, na jina la hoteli linasomeka vizuri kabisa kutoka kitandani.