Chukua uniti, jina liache

Juma lililopita mjomba wetu mmoja alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, mrefu kama hotuba ya harambee, akimwagiza mpwa wangu aachane na somo dogo la takwimu, yaani zile uniti chache za fani ya pili zinazosomwa kando ya fani kuu ya shahada. Binti anasomea uanahabari katika chuo cha kibinafsi hapa Nairobi. Sababu ya mjomba? "Hakuna mwajiri atakayekuuliza hayo." Kisha akatusimulia alivyopata kazi enzi zake kwa barua moja aliyoiandika kwa mkono. Hongera, mjomba.

Kwa hilo la mwajiri hajakosea, na kukubaliana naye kunaniuma. Mara nyingi somo dogo halipo hata kwenye cheti. Limejificha kwenye hati ya alama, karatasi ambayo meneja huitupia jicho akitafuta tu kama ulipata daraja la pili la juu. Anayelichukua ili wasifu wake upendeze anachoma karo.

Lakini tangu lini tukajifunza vitu ili tuulizwe?

Vyuo vilivyofuata mtindo wa Marekani, kama USIU kule Kasarani, vina nafasi za uniti za hiari ndani ya shahada yenyewe. Utazijaza, upende usipende, na utazilipia. Sasa mwanafunzi asiye na mpango huzijazaje? Tunajua sote. Anauliza mhadhiri gani hanyimi watu alama. Anahakikisha darasa haliwi Ijumaa jioni, Thika Road ikiwa imeshonana. Anaangalia marafiki wanakwenda wapi. Miaka minne baadaye ana utangulizi wa hiki, utangulizi wa kile na misingi ya kitu asichokikumbuka: ameonja vyungu sita, hakushiba hata kimoja. Uniti tano au sita za fani moja zinamnyima anasa hiyo. Ya pili inaitegemea ya kwanza, na ya tatu haina huruma kwa aliyesinzia kwenye ya pili.

Tena takwimu, kwa mwanahabari! Jamani. Kila mwaka shirika la takwimu la taifa, KNBS, linatoa ripoti nene ya uchumi, na kila mwaka vyombo vya habari vinanakili ule muhtasari wa kurasa za mbele. Kitu kikipanda kutoka asilimia mbili hadi nne, kimeongezeka kwa pointi mbili za asilimia, na pia kimeongezeka kwa asilimia mia moja. Yote mawili ni kweli. Msemaji wa wizara atachagua linalomfaa, na ripota asiyejua tofauti atamshikia kipaza sauti. Uchaguzi ukikaribia ni kura za maoni asubuhi na jioni. Nani anauliza waliohojiwa walipatikanaje? Kama walipigiwa simu, asiye na simu ameingia wapi? Kama pengo kati ya wagombea wawili ni dogo kuliko kiwango cha makosa kilichoandikwa chini kwa herufi za sisimizi, huyo "anayeongoza" anamwongoza nani? Binti anayeweza kuuliza hayo akiwa bado mwanafunzi, leo tunamwambia aache kwa sababu hakuna atakayemuuliza. Yeye ndiye atakayeuliza!

Walimu msinirukie, nyinyi ni habari nyingine: TSC, tume ya kuajiri walimu, inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, kwa hiyo hilo la pili ni unga wa nyumbani. Anayepanga uzamili wa fani tofauti, sawa, somo dogo litamsaidia mlangoni. Na anayetaka Kifaransa kwa mapenzi tu, Alliance Française iko pale mjini, haimlazimishi kugusa shahada yake.

Nisipolegeza ni hapa: usiongeze muhula kwa ajili ya somo dogo. Usithubutu. Karo ya uniti ndiyo gharama ndogo. Kuna kodi ya bedsita Roysambu, nauli, chakula, na miezi yote ambayo ungekuwa umeanza kusaka kazi. Kama ulisoma kwa mkopo, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haitakuuliza somo lako dogo lilikuwa lipi, inataka chake. Uniti mbili za mwisho zikikuzuia kufuzu, hilo jina liache. Ulichojifunza kwenye zile nne hakifutwi na ofisi ya msajili.

Kwa hiyo mpwa wangu, kabla usajili haujafungwa, mpitie karani wa idara, kabla hata ya mshauri wako wa masomo. Karani ndiye anayejua uniti gani hufunguliwa lini, kwa maana kitabu cha mwongozo kimejaa uniti ambazo hazijapata mhadhiri tangu kichapwe. Mwandikie orodha yako, muulize moja moja. Akikwambia ya tano hufunguliwa Septemba pekee na wewe unamaliza Agosti, soma nne uende zako.